Nani Amfundishaye Mfanyakazi?

Katika nyumba moja ya kulaza wageni, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, mwenye nyumba alikuwa akilalamika kuwa shuka zake hazimalizi mwaka. Kila baada ya miezi michache alilazimika kununua nyingine, nyeupe tena za pamba, kwa kuwa zile za mwanzo zilijaa madoa ya rangi ya kutu yasiyotoka kwa sabuni wala kwa dawa. Aliwatuhumu wafanyakazi wake kwa uvivu. Alimwachisha kazi dobi wa kwanza, akamwachisha na wa pili, na madoa yakabaki pale pale. Siri ilifichuka siku alipopita hapo mama mmoja mtu mzima, aliyepata kufanya kazi ya udobi mjini kwa miaka mingi, akamkuta binti wa kazi anaitumbukiza shuka yenye doa la damu katika ndoo ya maji ya moto.

"Mwanangu," alimwambia, "hapo hulifui hilo doa, unalipika."

Na ndivyo ilivyo. Damu, sawasawa na ute wa yai, hugandishwa na moto, na ikishaganda ndani ya nyuzi za pamba huwa kama sehemu ya kitambaa chenyewe. Doa la namna hiyo huanzwa kwa maji baridi, likaachwa lirowe, likasuguliwa kwa sabuni, na maji ya moto yakafuata mwisho kabisa, doa likiwa limekwisha kutoka. Somo lote hilo halikuchukua muda wa kuchemka birika la chai. Binti yule hakuwa mvivu wala hakuwa mjinga. Alikuwa na cheti cha skuli na cha kozi ya miezi kadhaa, na alikuwa akifua kwa bidii, tena kwa maji ya moto, akiamini kuwa moto ndio usafi. Alichokikosa ni mtu wa kumwonesha. Mwenye nyumba naye, aliyekuwa ametumia fedha nyingi kupaka rangi kuta na kununua viti vya baraza, hakuwahi kutenga hata nusu saa ya kumfundisha mtu aliyemkabidhi shuka zote za nyumba.

Tumeanza na shuka makusudi. Mazungumzo ya kuendeleza ujuzi wa wafanyakazi nchini petu aghalabu huanzia katika kumbi kubwa, yakasindikizwa na hotuba na vitabu vya kuandikia, yakamalizikia kwa kugawa vyeti na kupiga picha. Hatuyadharau. Lakini biashara hupata hasara au faida yake mahali pengine kabisa: penye beseni la kufulia, penye rafu ya jokofu, penye meza ya mapokezi saa mgeni aliyechoka anapouliza jambo na kujibiwa kwa kutazamwa tu. Hapo ndipo panapohitaji mwalimu, na hapo ndipo pasipokuwa naye.

Wazee wa Pemba hawahitaji kufundishwa ukweli huu, kwani wameusoma katika karafuu. Mikarafuu ni ile ile, mvua ni ile ile, jua ni lile lile. Hata hivyo karafuu ya jirani mmoja huwa ya daraja la juu na ya mwingine ikawa mpeta. Tofauti imo mikononi: ni nani aliyechuma tumba kabla halijafunguka, ni nani aliyechambua makonyo vyema, ni nani aliyezianika mapema na kuzigeuza juani badala ya kuziacha zivunde ndani ya gunia usiku kucha. Mchumaji wa kibarua asiyeonyeshwa haya humtia tajiri wake hasara kila msimu, wala hajui kuwa anamtia hasara.

Sasa visiwa hivi vimeingia katika biashara nyingine, kubwa kuliko karafuu kwa fedha za kigeni inazoleta. Mwaka 1985 wageni waliofika Zanzibar kwa matembezi hawakutimia 20,000. Mwaka 2023 walizidi 600,000. Katika umri wa mtu mmoja tu tumetoka kwenye nyumba chache za wageni tukafikia mahoteli yaliyopangana kutoka Nungwi hadi Kizimkazi. Majengo yamekwenda mbio. Watu wa kuyaendesha hawakuandaliwa kwa mbio hizo, na katika pengo hilo umezaliwa ugomvi tunaousikia kila siku. Wenye mahoteli husema vijana wa hapa hawana ujuzi, hivyo hulazimika kuajiri watu wa kutoka mbali. Vijana nao husema wanabaguliwa, na kwamba hata wakiajiriwa hupewa ufagio na kuachwa nao miaka mitano. Safu hii haitaamua ugomvi huo leo. Tunauliza swali moja tu kwa pande zote mbili: huyo anayesemwa hana ujuzi, alipoajiriwa alikabidhiwa kwa nani amfundishe?

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu. Watazameni mafundi wa vyombo wa Nungwi. Kijana aliyepelekwa kwa fundi hakukabidhiwa tezo siku ya kwanza. Alianza kwa kuokota vibanzi, kubeba mbao na kuvuta uta wa keekee. Baadaye alipewa pamba na mafuta akajifunza kukalafati, kazi inayoonekana ya kitoto mpaka chombo kinaposhushwa majini na kuanza kuvuja. Miaka ikipita aliruhusiwa kuchonga taruma moja, fundi akaligeuza-geuza, akalikataa, akaamrisha lichongwe jingine. Mkuku na hanamu hakuvigusa mpaka fundi mwenyewe ameridhika. Hapakuwa na darasa wala mtihani wa kuandika, lakini kila mtu ufukweni alimjua mwanagenzi wa fulani ni nani, na kazi ya mwanagenzi ikiharibika aibu ilimrudia fundi. Hili la mwisho ndilo kubwa. Fundi alikuwa akijibu kwa mikono ya mwanafunzi wake.

Tusiusifu utaratibu huo kupita kiasi. Haukuwa na saa wala mpango. Jambo la miezi sita lingeweza kuchukua miaka sita kwa kuwa fundi hakupata nafasi au hakuwa na moyo. Wapo mafundi waliovificha vipimo vyao hata kwa watoto wa ndugu zao, wakafa navyo. Hoteli yenye vyumba 80 haiwezi kumngojea mtu miaka sita ajifunze kutandika kitanda. Kinachotakiwa ni kuubakisha ule wajibu wa fundi kwa mwanafunzi wake, na kuupa utaratibu unaokwenda kwa saa.

Jambo hilo limekwisha kufanywa na wengine, na ajabu ni kuwa nalo lilianzia penye vyombo vya baharini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Marekani ilihitaji wajenzi wa meli kwa maelfu, na Charles Allen, mtaalamu wa elimu ya ufundi, akatunga njia ya hatua nne za kumfundisha mtu kazi papo hapo kazini. Mwaka 1940, vita vingine vilipokaribia nchi hiyo, njia yake ilifanywa msingi wa mpango wa serikali ulioitwa Training Within Industry. Viwanda vilikuwa vikiajiri watu ambao hawajapata kushika mashine maishani mwao, wakiwemo wanawake wengi, na hapakuwa na wasaa wa kuwapeleka vyuoni. Badala ya kuwafundisha wafanyakazi wote, mpango ule uliwafundisha wasimamizi wao namna ya kufundisha. Somo la kufundisha kazi lilikuwa la saa 10 tu, vikao vitano vya saa mbili mbili. Hadi ulipofungwa mwaka 1945 mpango huo ulikuwa umewapitia wasimamizi zaidi ya 1,500,000. Baada ya vita ulipelekwa Japani, na kampuni ya Toyota ni miongoni mwa zilizoupokea mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuufanya sehemu ya kazi zake.

Hatua zenyewe si za kitaalamu kiasi cha kututisha. Kwanza mfanyakazi hutulizwa moyo na kuulizwa anajua nini, ili asifundishwe alijualo wala asidhaniwe kujua asilolijua. Kisha mwalimu huifanya kazi mbele yake polepole, hatua moja baada ya nyingine, akitaja katika kila hatua jambo lipasalo kuzingatiwa na sababu yake. Hatua ya tatu, mwanafunzi huifanya mwenyewe huku akieleza kwa kinywa chake anachofanya na kwa nini, na hairukwi mpaka mwalimu ahakikishe kuwa amefahamu, hata kama itarudiwa mara nne. Mwisho huachiwa kazi, akaambiwa aulize kwa nani akikwama, na mwalimu hurudi kumtazama mara kwa mara, kisha mara chache, kisha haji tena.

Msomaji atasema: ni hayo tu? Ndiyo, ni hayo tu. Lakini na azuru jiko lolote la biashara ahesabu ni mangapi kati ya hayo yanayofanywa. Kwa kawaida mpishi mkubwa humwonesha kijana mara moja, kwa haraka, huku ana kazi nyingine mkononi, akamaliza kwa kuuliza, "Umefahamu?" Kijana hujibu, "Ndiyo, bwana." Angejibuje vinginevyo? Kwetu mdogo hamwambii mkubwa kuwa hakufahamu, kwani itaonekana ama yeye ni mzito wa akili au mkubwa hakueleza vizuri. Kwa hiyo swali la "umefahamu" halina faida yoyote katika visiwa hivi, na adabu yetu, ambayo hatuitupi, inatudai tuwe na njia nyingine ya kupima. Mwambie akufundishe wewe. Akiweza kukufundisha, amefahamu. Asipoweza, rudieni, na wala hakuna aliyevunjiwa heshima.

Na sababu isisahauliwe. Mfanyakazi aliyeambiwa tu kwamba nyama mbichi huwekwa rafu ya chini ya jokofu ataiweka chini siku mbili, na siku ya tatu, rafu ya chini ikijaa, ataipandisha juu. Aliyeelezwa kuwa damu ya nyama mbichi ikidondokea chakula kilichopikwa huweza kuwalaza wageni wote hospitali, huyo atatafuta nafasi nyingine hata akilazimika kuhamisha matunda. Vivyo hivyo kwa jokofu lenyewe, ambalo halitakiwi kuzidi nyuzi 5, na kwa viyoyozi vyetu vinavyoliwa na chumvi ya bahari kabla ya wakati wake kwa sababu hakuna aliyemweleza mtunzaji kwamba huoshwa kwa maji matamu, na kwa nini.

Kwa nini basi wenye biashara hawafanyi jambo jepesi namna hii? Tumewauliza baadhi yao. Jibu la kwanza ni wasaa. Jibu la pili, wanalolitoa kwa sauti ya chini, ni hofu: nikimfundisha atachukuliwa na jirani kwa nyongeza ndogo ya mshahara, nitakuwa nimemsomeshea mwenzangu. Hofu hii si ya kubeza. Hoteli mbili zikiwa ufuo mmoja, na moja ikifundisha na nyingine ikinyakua, anayefundisha ndiye anayelipa. Matokeo yake wote huacha kufundisha, wote wakabaki kunyang'anyana watu wachache wenye ujuzi, kisha wote wakaandika barua kuomba vibali vya wageni.

Iko hofu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni ya mfanyakazi mkongwe. Huyu ameajiriwa miaka 15, ujuzi wake ndio ngao yake, na anaambiwa amfundishe kijana wa mshahara mdogo. Akili yake humwambia kuwa anajichimbia kaburi. Hatamkatalia bwana wake, atafundisha nusu. Atamwonesha kijana kukaanga na kumficha kiasi cha viungo. Mwajiri anayetaka ujuzi huo utoke lazima aanze kwa kumtuliza mkongwe: kazi ya kufundisha iandikwe katika barua yake ya ajira, ilipwe, ahesabiwe cheo kwa ajili yake, na saa za kufundisha ziondolewe katika kazi zake nyingine. Kumpa mtu mzigo wa kufundisha juu ya mzigo alionao, kwa mshahara ule ule, ni kumwomba afanye hila.

Kwamba inawezekana tumeliona wenyewe mjini. Dispensari Kongwe pale Mizingani, ambayo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1894, ilikuwa katika hali ya kusikitisha ilipochukuliwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni kufanyiwa ukarabati katika miaka ya 1990. Kazi ile ilifanywa kuwa pia skuli ya mafundi wa hapa. Uashi wa chokaa, nakshi za mbao na plasta vilifundishwa juu ya jukwaa la ujenzi, jengo lenyewe likiwa ndilo daftari. Faida ya ujuzi huo haijulikani na wengi. Ukuta wa Mji Mkongwe ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, hupumua. Ukiupaka saruji unyevu hufungika ndani, plasta ikavimba na kuanguka, na boriti zikaoza kimya kimya. Fundi aliyefundishwa saruji peke yake huiharibu nyumba kwa nia njema kabisa, na mwenye nyumba humlipa.

Ama kuhusu Serikali, yapo mambo iliyokwisha kuyafanya na inastahiki shukrani. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na vituo vyake vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Vitongoji, Makunduchi na Daya vimewapokea vijana ambao bila ya hivyo wangekuwa vijiweni. Mipango ya uanagenzi katika mahoteli nayo imejaribiwa kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Tatizo huanza kijana anapotoka kituoni na kupelekwa kwa mwajiri kwa mafunzo ya vitendo. Wangapi kati yao hufundishwa kweli? Tunawajua waliomaliza miezi mitatu wakitumwa chai na kubeba mizigo, kitabu chao cha kumbukumbu kikatiwa saini kurasa zote kwa kalamu moja siku ya mwisho. Afisa aliyekipokea kitabu hicho aliona wino wa aina moja, wala hakuuliza.

Mwezi wa Juni mwaka 2023, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 208 linalohusu uanagenzi bora. Si mkataba wa kuzifunga nchi, bali ni mwongozo. Hata hivyo waheshimiwa wahusika wangefaidika kuusoma pamoja na wenye mahoteli. Humo uanagenzi unaelezwa kuwa ni mafunzo yenye mkataba wa maandishi, yenye malipo, yanayochanganya kazi na darasa, na yanayomfikisha mtu kwenye cheti kinachotambuliwa. Ukipima kwa kipimo hicho, mengi yanayoitwa uanagenzi hapa kwetu ni kazi ya bure.

Lipo na suala la fedha. Waajiri wetu hutozwa tozo ya kuendeleza ufundi kwa kadiri ya mishahara wanayolipa, na wengi wao huiona kuwa ni kodi kama kodi nyingine, ikishakwenda imekwenda. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1964, iliunda bodi za mafunzo za kila sekta: mwajiri alitozwa, na aliyefundisha alirudishiwa kwa njia ya ruzuku. Aliyenyakua watu wa jirani bila ya kufundisha aligharimia mafunzo ya jirani yake, apende asipende. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake. Waajiri wadogo walilalamikia wingi wa makaratasi, na baadaye ikabidi wapunguziwe mzigo. Tunaamini hapa kwetu sehemu ya tozo ingeweza kurudi kwa mwajiri anayethibitisha kuwa na mkufunzi wa kazini na wanagenzi wenye mikataba, kwa fomu ya ukurasa mmoja tu, na nyumba ndogo za wageni zikaruhusiwa kuungana tano au sita chini ya mkufunzi mmoja. Hofu ya kunyang'anywa mfanyakazi haitakwisha kwa hilo, lakini itakuwa na bei nafuu.

Wakaguzi wa kazi wanaozungukia mahoteli wana orodha yao ya maswali: mikataba, mishahara, likizo, vifaa vya kuzimia moto. Tungewaomba waongeze moja. Wamchague mfanyakazi yeyote aliyeajiriwa katika miezi sita iliyopita wamuulize jina la mtu anayemfundisha, na mara ya mwisho alifundishwa nini. Wasimuulize meneja, wamuulize mwenyewe, pembeni, kwa upole.

Yule binti wa shuka, kwa taarifa ya msomaji, hayupo tena katika nyumba ile. Mwaka wa pili alichukuliwa na hoteli kubwa ya jirani kwa mshahara ulio bora, kama mwenye nyumba alivyohofia. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa amekwisha kumwonesha mwenzake maji baridi, na huyo mwenzake naye amemwonesha kijana aliyeajiriwa Ramadhani iliyopita. Shuka za nyumba ile ni zile zile tangu wakati huo.